Je, wajua kwa nini watu wanne wakibungua bongo pamoja huambulia mawazo machache kuliko wakitengana?

Karibu kila somo la biashara linalofundisha utatuzi wa matatizo kwa ubunifu lina kipindi chake cha kelele. Mhadhiri anatoa tatizo, tuseme kampuni inayokimbiwa na wateja. Anawagawa wanachuo wanne wanne, anawapa karatasi kubwa na kalamu za rangi, kisha anawaambia waseme lolote linalowajia na wasikosoane. Robo saa baadaye karatasi imejaa, watu wanacheka, na kila mmoja anaamini kwamba peke yake asingefika hata nusu ya hapo.

Imani hiyo ndiyo yenye kasoro. Wachukue wanachuo wanne wa namna hiyo hiyo, kila mmoja akae chumba chake na tatizo lile lile kwa robo saa ile ile. Kusanya orodha zao, futa yaliyojirudia, halafu hesabu. Kwa kawaida hao waliotengwa hulishinda kundi, tena kwa mbali.

Mbinu yenyewe, kubungua bongo kundini (kwa Kiingereza, brainstorming), ilienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara nchini Marekani na mmoja wa waasisi wa kampuni ya BBDO (herufi O humo ni yake). Kanuni zake zilikuwa nne: toa mawazo mengi, usikosoe, karibisha hata ya ajabu, jengea juu ya wazo la mwenzako. Baadaye yeye na Sidney Parnes waliliunda jambo hilo, katika mji wa Buffalo nchini humo, likawa somo la hatua kwa hatua, na vyuo vingi bado vinalifundisha kwa sura moja au nyingine. Osborn pia aliandika kwamba mtu wa kawaida hubuni mara mbili zaidi akiwa kundini kuliko akiwa peke yake.

Mwaka 1958 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block, waliyapima madai hayo kwa wanafunzi 96. Nusu walikaa katika makundi 12 ya watu wanne. Nusu nyingine walifanya kazi mmoja mmoja, kisha majina yao yakaunganishwa kuwa makundi 12 ya kwenye karatasi tu, ya watu wasiowahi kuketi pamoja. Swali mojawapo liliuliza yatatokea mema na mabaya gani iwapo kila atakayezaliwa baada ya 1960 atakuwa na kidole gumba cha ziada katika kila mkono. Makundi ya kwenye karatasi yalitoa mawazo yanayokaribia mara mbili ya yale ya makundi halisi. Kwa hiyo Osborn hakukosea sana hesabu, alikosea upande. Tumtendee haki, lakini: yeye mwenyewe alisisitiza kwamba kikao cha kundi ni nyongeza ya fikra za mtu binafsi. Nyongeza ikapendwa, kilichoongezewa kikasahauliwa.

Sasa, kwa nini? Majibu mawili huja haraka, na kwa sababu yanaingia akilini kirahisi, wengi huishia hapo. La kwanza ni hofu: watu wanaogopa kuchekwa, wanameza mawazo yao. La pili ni kutegea: jasho likichangwa, yupo atakayesubiri wenzake watoke jasho kwa niaba yake. Majibu haya yanapendeza kwa kuwa yanahusu tabia, na tabia mwalimu anaweza kuihubiria. Ndiyo maana vipindi vya ubunifu hujaa michezo ya kuondoa aibu, na ndiyo maana kuna alama za ushiriki.

Shida ni kwamba hofu na kutegea havitoshi kueleza pengo. Michael Diehl na Wolfgang Stroebe, waliokuwa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, walichapisha mwaka 1987 majaribio yaliyoyapima majibu haya moja baada ya jingine. Walipowaambia washiriki kwamba mchango wa kila mtu utahesabiwa peke yake, kutegea kulipungua, lakini pengo likabaki. Walipochezea hofu ya kupimwa na wengine, tofauti ilionekana, ila ndogo mno kubeba mzigo wote.

Ndipo wakaja na jaribio ambalo mimi naliona kuwa la werevu kuliko yote katika uwanja huu. Kila mshiriki alikaa chumba chake na kipaza sauti. Mbele yake palikuwa na taa za kuonyesha kama mwenzake katika chumba kingine anazungumza. Baadhi waliambiwa wasiseme kitu wakati taa ya mwenzao inawaka, wasubiri. Wengine waliona taa zile zile lakini wakaambiwa wazipuuze. Hakuna aliyemwona mwenzake, na katika sehemu moja ya jaribio hakuna hata aliyemsikia. Hakukuwa na uso wa kuuogopa. Waliolazimika kusubiri taa walitoa mawazo karibu nusu, au pungufu, ya wale waliozipuuza. Watu wanne waliotengwa kabisa waligeuka kundi dhaifu kwa sababu ya kanuni moja tu: mmoja mmoja kwa zamu.

Hebu fikiria watu wanne wanaochota maji kwa viganja na kuyamimina katika mtungi mmoja wenye mdomo mwembamba. Kuchota ni rahisi. Foleni iko mdomoni. Aliyefika wakati mwenzake anamimina husimama na maji mkononi, na hapo hupata hasara mbili kwa mkupuo. Maji yanavuja kati ya vidole, na wakati huo huo hawezi kurudi kuchota mengine, maana viganja vimejaa. Akijitahidi asimwage hata tone, ndivyo anavyozidi kukwama. Akiamua kuyamwaga ili achote upya, ameyapoteza. Wape mitungi minne, na hawatahitaji kuwa hodari zaidi wala jasiri zaidi. Maji yatajaa tu.

Kichwani mambo huenda hivyo. Wazo lisilosemwa linahitaji kushikwa, na kinacholishika ni kumbukumbu ile ile ambayo ingetafuta wazo linalofuata. Zaidi ya hapo, mawazo huja kwa mkufu, moja likivuta jingine la ukoo wake. Ukikatizwa katikati, huanzi ulipoishia. Mara nyingi unaanza upya, au unafuata mkufu wa aliyekukatiza. Hii ndiyo sababu kundi huganda katika aina moja ya suluhisho, punguzo la bei kwa mfano, na kulizunguka kipindi kizima.

Kinachochekesha ni kwamba waliomo kundini hawalioni hili. Tafiti za Paul Paulus na wenzake zilionyesha kwamba waliofanya kazi pamoja hujipa sifa kubwa kuliko waliokuwa peke yao. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kundini hakuna ukimya mrefu wa kukukumbusha umekwama, na wazo ulilolisikia ni rahisi kudhani nawe ulikuwa nalo.

Dawa zilizojaribiwa nyingi huchezea mdomo wa mtungi. Mwaka 1968 Mjerumani Bernd Rohrbach alipendekeza watu sita, kila mmoja aandike mawazo matatu kwa dakika tano, kisha ampe jirani karatasi yake aendeleze. Raundi sita, mawazo 108 ndani ya nusu saa, angalau kwa hesabu. Kompyuta nazo zinafaa: wote wakiandika kwa pamoja na kusoma ya wenzao, kuzibiana hutoweka, na faida hukua kundi linapokuwa kubwa.

Tahadhari zipo. Majaribio mengi yalitumia wanafunzi wasiojuana, kwa dakika chache, na maswali wasiyokuwa na hisa nayo. Timu iliyokaa pamoja miaka huenda ikawa jambo jingine. Robert Sutton na Andrew Hargadon waliichunguza kampuni ya usanifu ya IDEO wakaona vikao hivyo vinafanya kazi nyingine kabisa: kusambaza ujuzi, kuwapa watu nafasi ya kuheshimiana, hata kuwavutia wateja. Kuhesabu mawazo hakuyapimi hayo.

Na hata ile kanuni ya kutokosoana, inayorudiwa darasani kama amri, haijasimama imara. Mwaka 2004 Charlan Nemeth na wenzake walilinganisha makundi nchini Marekani na Ufaransa: yale yaliyoruhusiwa kubishana na kukosoana hayakuzidiwa na yale yaliyokatazwa, na kwa jumla yalitoa mawazo zaidi kidogo.