Doa liko hapa, tundu liko kule

Masika yakiisha na nyumba ikiwa na madoa ya unyevu, wengi huita fundi wa rangi. Afadhali wangeanza na tochi.

Dhana: doa la dari liko juu ya kochi, kwa hiyo bati bovu liko papo hapo. Si lazima. Maji yakipenya penye msumari uliolegea hufuata mbao za paa hadi yapate pa kudondokea, pengine mita kadhaa kutoka kwenye tundu. Ingia juu ya dari mchana, zima tochi utafute miale ya jua, kisha iwashe ufuate michirizi myeusi ya mbao ukielekea juu.

Dhana: rangi ya mafuta huondoa unyevu. Hapo mimi hutofautiana na mafundi wengi. Rangi hiyo huziba ukuta tu, na maji yakikosa pa kutokea huifanya itoke malengelenge. Ikiwa nyumba ya zamani ilijengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta ya taa kwenye utambi, mara nyingi hadi karibu mita moja, na kuacha unga mweupe wa chumvi. Gonga plasta kwa kidole. Ikilia kama debe tupu, imeshaachana na ukuta.

Vijijini Kakamega, Vihiga na Siaya, kuna imani kwamba nyumba ya udongo ikipigwa plasta ya saruji maji hayaingii tena. Saruji hupasuka, ufa mwembamba kama uzi unatosha. Udongo uliolowa nyuma yake haukauki upesi, nguzo zinaoza, mchwa wanakaribia, na kwa nje ukuta bado unapendeza! Dunga fremu ya mlango kwa bisibisi karibu na sakafu: ikizama kirahisi, mbao imekwisha.

Eti hakuna harufu ya unyevu? Wewe umeizoea, muulize mgeni.

Tena si kila unyevu unatokana na mvua. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa baridi mabati hutoa jasho. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa selotepu, ukiache siku mbili. Matone yakiwa nyuma yake, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni ya hewani, basi fungua madirisha. Mwisho, funga mifereji yote usiku ukaangalie mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, mwite fundi wa mabomba, si wa rangi.