Mbawakawa vamizi: mdudu anayebungua mti mbichi

Mbawakawa ni wadudu ambao mbawa zao za juu ni ngumu kama gamba. Wapo wanaobungua magogo yaliyokufa, na hao wana kazi yao msituni: bila wao magogo yangechelewa kuoza. Anaitwa vamizi yule aliyechukuliwa kutoka kwao, kwa kawaida bila mtu kujua, akafikishwa kwenye miti isiyo na kinga dhidi yake.

Anayetajwa sana ni mbawakawa wa Asia mwenye papasi (vipapasio vya kichwani) ndefu, kwa jina la kisayansi Anoplophora glabripennis, ambaye asili yake ni China na rasi ya Korea. Hupenda miti ya majani mapana kama mepo (maple), mierebi na mipopla. Mwaka 1996 alikutwa Brooklyn, New York, na inaaminika aliingia Marekani akiwa ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Mwaka 2008 alikutwa Worcester, Massachusetts, na huko zaidi ya miti 30,000 ilikatwa. Iliyokata ni misumeno ya watu, maana mti uliokwisha kuliwa ndani hauna dawa.

Jike hutafuna kishimo kwenye gome, hutaga yai moja, kisha huhamia pengine. Funza akitoka hula kwanza tabaka laini chini ya gome, njia inayopitisha chakula cha mti, halafu huchimba kuelekea moyo wa shina. Mti unaweza kukaa miaka ukionekana mzima, hadi matawi ya kileleni yaanze kukauka.

Mdudu mwenyewe ana urefu wa sentimita 2 hadi 4, mweusi wa kung'aa, mwenye madoa meupe na papasi za pingili nyeusi na nyeupe zinazouzidi mwili. Tatizo ni kwamba huonekana nje miezi ya joto tu. Kwa hiyo tafuta tundu. Alilotokea huyu ni duara kamili, penseli inaingia. Ukiona tundu dogo lenye umbo la herufi D kwenye mti wa jamii ya Fraxinus (kwa Kiingereza ash), mshuku mbawakawa mwingine, wa kijani, anayeua miti hiyo. Vitundu vilivyojipanga safu safu kwa kawaida ni kazi ya kigogota, usihangaike. Angalia pia unga wa mbao kwenye panda za matawi au chini ya shina.

Peke yake haendi mbali. Anayemsafirisha ni binadamu, kwa kuni, magogo na makreti. Ndiyo sababu kanuni ya kimataifa ya ISPM 15 inataka mbao za paleti zitibiwe kabla ya kuvuka mpaka. Njia moja ni kuzipasha moto hadi kiini kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Paleti ya namna hiyo ina muhuri wenye suke la ngano na herufi HT, yaani imetibiwa kwa joto. Plaiwudi haihusiki, kwa kuwa imeshapitia joto na gundi kiwandani.

Kuni zichomwe karibu na zilikokatwa. Ukimshuku mdudu, mtie kwenye chupa, mpige picha na uwaarifu maofisa wa misitu au wa afya ya mimea. Usiukate mti mwenyewe, kwani ukiyaburuta matawi umemsafirisha. Zipo dawa za kudunga miti ambayo bado mizima, ila ni kinga tu. Jiji la Chicago, Marekani, lilimgundua mwaka 1998; lilitangazwa kuwa salama mwaka 2008.