Kaunti ya Marekani ni nini? Mfano wa Cimarron, Oklahoma

Kwa Mkenya, neno kaunti linaleta picha ya gavana na bunge lake, mambo yaliyoletwa na Katiba ya 2010. Kaunti ya Marekani haina gavana. Ni mkono wa serikali ya jimbo uliofikishwa karibu na mwananchi: mahali pa kusajili shamba, kulipa kodi ya ardhi, kupiga kura, kusikilizwa kesi. Nchi nzima ina kaunti zaidi ya 3,000. Oklahoma ina 77, na kila moja inaongozwa na makamishna watatu wa kuchaguliwa ambao kazi yao kubwa, huko mashambani, ni barabara za vumbi na madaraja. Sherifu, mweka hazina na mthamini wa mali nao huchaguliwa na wananchi.

Ili kuielewa vizuri dhana hii, afadhali tuitazame kaunti moja. Cimarron iko ncha ya magharibi kabisa ya Oklahoma, mwisho wa ule ukanda mwembamba unaochomoza kama mpini wa kikaango. Eneo lake ni karibu mara tatu ya kisiwa cha Unguja, lakini sensa ya 2020 ilihesabu watu 2,296 tu. Inapakana na majimbo manne mengine: Kansas, Colorado, New Mexico na Texas. Hakuna kaunti nyingine Marekani yenye mipaka ya namna hiyo.

Mpini huo ulitokana na utumwa. Texas ilikuwa jimbo la watumwa, na sheria ilikataza utumwa kaskazini ya latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30. Katika makubaliano ya 1850, Texas ikaachia ardhi yake yote iliyokuwa juu ya mstari huo. Miaka minne baadaye mpaka wa kusini wa Kansas ukapigwa kwenye nyuzi 37. Katikati pakabaki kipande cha upana wa kilomita 55 hivi, ambacho hakikuwa cha jimbo lolote. Wacomanche na Wakiowa, makabila ya wenyeji wa asili, walikuwa wakiwinda nyati huko, wala hakuna aliyewauliza. Walowezi walipoingia hawakuwa na mahakama, na hawakuwa na pa kusajilia shamba. Wakapaita Nchi Isiyo na Mwenyewe. Mwaka 1890 kipande hicho kikaunganishwa na Oklahoma kama kaunti moja, na Oklahoma ilipokuwa jimbo mwaka 1907 kikagawanywa kuwa kaunti tatu. Cimarron ni mojawapo ya hizo tatu.

Makao makuu yake, Boise City, yalianza kwa ulaghai. Mwaka 1908 madalali waliuza viwanja kwa vipeperushi vyenye picha za miti na barabara za lami. Wanunuzi walipofika wakakuta nyasi na upepo. Madalali walifungwa jela, lakini baadhi ya waliotapeliwa wakabaki wakaujenga mji. Hao nawaheshimu sana.

Kisha ikaja ngano. Bei ilipokuwa juu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, wakulima walileta matrekta wakazipindua nyasi fupi zilizokuwa zimeushika udongo kwa mizizi yake tangu zamani. Bei ikaanguka, mashamba yakaachwa wazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 mvua ikakatika. Upepo ukaanza kuubeba udongo. Akina mama walitundika shuka mbichi madirishani, na asubuhi shuka zilikuwa zimegeuka tope. Tarehe 14 Aprili 1935, Jumapili, ukuta mweusi wa vumbi ulishuka kutoka kaskazini ukaizima nuru ya mchana. Mwandishi wa habari Robert Geiger, ambaye tufani ilimkuta njiani karibu na Boise City, ndiye aliyeandika siku hizo maneno yaliyobaki kuwa jina la janga lenyewe: bakuli la vumbi.

Mwaka 1930 kaunti ilikuwa na watu zaidi ya 5,400. Haijarudi tena kwenye idadi hiyo. Hata hivyo jengo la mahakama bado liko katikati ya uwanja wa mji, na kaunti ya mashambani huonekana vizuri zaidi hapo, maana hati ya ndoa, ya shamba na ya mirathi zote hupitia mlango huo mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Julai 1943 wanajeshi waliokuwa mazoezini ndani ya ndege ya mabomu waliziona taa za uwanja huo wakadhani ndiyo shabaha yao, iliyokuwa Texas. Mabomu sita ya mchanga na baruti kidogo yakadondoka. La kwanza lilitoboa paa la banda la gari, jingine likaangukia kando ya kanisa. Fundi wa umeme akazima taa za mji mzima, ndege ikaondoka, na hakuna aliyeumia.

Upande wa magharibi, chini ya mlima Black Mesa wenye kilele kirefu kuliko vyote Oklahoma, mita 1,516, kuna kijiji cha Kenton. Kisheria kinafuata saa za jimbo lake. Lakini majirani wanaouziana nao ng'ombe na bidhaa wako New Mexico na Colorado, kwa hiyo watu wa Kenton hufuata saa za majirani. Mahakamani Boise City ikiwa saa sita mchana, Kenton bado ni saa tano.