Hamira yako haijalala: kianzio ni cha kuongeza seli

Swali ni lilelile, na limezidi: "Nimeweka hamira ya majimaji kwenye maji ya vuguvugu na vijiko viwili vya sukari, nimesubiri nusu saa, povu halijapanda. Niitupe?" Usiitupe. Ila hicho ulichotengeneza si kianzio, yaani maji kidogo ya kimea ambamo hamira ya bia huzaliana kabla ya kumiminwa kwenye pipa la kuchachushia. Hiyo ni njia ya mwoka mkate, anayetaka tu kuhakikisha hamira i hai kabla hajaharibu unga wake. Mpika bia anatafuta idadi.

Hesabu yenyewe hii hapa. Kanuni inayotumiwa na wengi ni seli milioni 0.75 kwa kila mililita kwa kila digrii ya Plato (kipimo cha sukari iliyo kwenye maji ya kimea) kwa bia za eli, zinazochachushwa kwenye joto la wastani, na 1.5 kwa laga, zinazochachushwa kwenye baridi. Kwa hiyo lita 20 za digrii 12 (haidromita, kifaa cha kupima uzito wa maji ya kimea, husoma takriban 1.048) zinadai seli bilioni 180 kwa eli na bilioni 360 kwa laga. Pakiti nyingi za hamira ya majimaji hutoka kiwandani na seli karibu bilioni 100, nyingine 200, na kadiri zinavyokaa kwenye friji ndivyo zilizo hai zinavyopungua. Kianzio kinaziba pengo hilo. Usipoliziba, uchachu unachelewa kuanza, ladha kali za alkoholi nzito zinajitokeza, na wakati mwingine bia inakwama ikiwa bado tamu.

Utengenezaji wenyewe ni mwepesi. Gramu 100 za dondoo kavu ya kimea (unga wa sukari ya nafaka iliyooteshwa) kwa kila lita, ukilenga 1.036 hadi 1.040 kwenye haidromita. Koroga dondoo kwenye maji baridi kwanza, kwa sababu ikikutana na mvuke inageuka gundi mdomoni mwa chupa. Chemsha dakika 10 hadi 15 bila kuondoka jikoni, maana povu la kimea hupanda ghafla na kumwagika. Poza hadi nyuzi 20 au 22 za Selsiasi, mimina hamira, funika kwa foili iliyolegea. Chochote kinachogusa maji hayo baada ya kupoa kiwe kimepita kwenye dawa ya kuua vijidudu. Hops, maua yanayoipa bia uchungu, hazihitajiki.

Kwa nini si sukari ya mezani? Kwanza, haina naitrojeni, zinki wala vitamini ambazo seli hujengea mwili. Pili, hamira iliyokuzwa kwenye sukari rahisi huzima vifaa vyake vya kuingiza maltosi, na maltosi ndiyo sukari kuu itakayoikuta kwenye pipa.

Sasa suala la hewa, ambalo hata wazoefu hulivuruga. Utasikia kwamba kikorogeo cha sumaku (mashine inayozungusha kijiti cha sumaku ndani ya chupa) kinafanya hamira "ipumue" badala ya kuchachusha, ndiyo maana inazaliana. Sivyo. Hamira ya bia ikiwa kwenye sukari nyingi huchachusha hata oksijeni ikiwa tele. Jambo hilo huitwa athari ya Crabtree, kwa jina la Herbert Crabtree aliyeieleza mwaka 1929 akichunguza seli za uvimbe. Kianzio chako kitaishia na alkoholi karibu asilimia 4, ukoroge usikoroge. Kazi ya oksijeni ni nyingine: seli huitumia kutengeneza steroli na asidi za mafuta za utando wake. Kila seli inapogawanyika, akiba hiyo inagawanywa kati ya mama na binti, na ikiisha mgawanyiko unasimama hata kama sukari ingalipo.

Ndiyo maana kizibo cha maji, kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, hakina nafasi kwenye kianzio. Kinazuia kitu ambacho seli zinakihitaji. Vijidudu havipandi ukuta wa chupa kwa miguu. Huja na vumbi linaloanguka, na foili iliyoshuka hadi shingoni inatosha kulizuia.

Kosa linalofuata ni ukubwa. Ukimimina seli bilioni 200 kwenye nusu lita, utapata karibu zilezile bilioni 200, kwa kuwa chakula hakitoshi kuzaa mpya. Seli bilioni 100 kwenye lita moja inayokorogwa hufika 200 na ushei. Ikikaa bila kukorogwa, labda 150. Kwa laga ya lita 20, andaa lita 2 na kikorogeo. Namba hizi zote ni makadirio. Vikokotoo viwili vikipewa tarehe ileile ya pakiti hutoa majibu tofauti, maana havijui pakiti ilisafirije, na bila hadubini na rangi ya methilini ya buluu, inayotofautisha seli hai na zilizokufa, kila mtu anakisia. Mimi huelemea upande wa kuzidisha kidogo, kwa sababu upungufu huumiza bia zaidi.

Na povu? Kwenye kikorogeo mara nyingi halionekani kabisa, au hupanda na kushuka usiku umelala. Tazama rangi: maji ya kimea yaliyokuwa ya kahawia angavu hugeuka mazito, kama chai ya maziwa, na ukizima kikorogeo tabaka la rangi ya malai linatuama chini. Saa 24 hadi 36 zinatosha.

Hamira kavu usiitengenezee kianzio. Imekaushwa ikiwa na akiba yake ya steroli, na kianzio kidogo kinaimaliza akiba hiyo bure. Ukihitaji zaidi, ongeza pakiti.

Kianzio kikubwa kiweke kwenye friji siku nzima, mwaga maji ya juu, bakiza kidogo ya kukorogea tope. Hayo unayomwaga yaonje. Yatakuwa mepesi, yamechacha, hayana uchungu. Hiyo ni kawaida. Yakiwa makali kama siki, tupa vyote na usimimine hata tone kwenye pipa.