Je, wajua wafanyakazi humpimaje bosi ambaye hawajawahi kuzungumza naye?

Steve Ballmer alikabidhiwa Microsoft Januari 2000. Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2000, kampuni hiyo iliingiza mapato ya takriban dola bilioni 23. Katika mwaka wa fedha wa mwisho alioumaliza akiwa madarakani, ule wa 2013, mapato yalikaribia dola bilioni 78, na faida ilikuwa imetoka dola bilioni 9 hivi hadi karibu 22. Kwa hesabu hizo ungetarajia wafanyakazi wamshangilie. Lakini kwenye Glassdoor, tovuti ya Kimarekani ambako wafanyakazi hueleza hali ya kampuni zao bila kutaja majina na kusema kama wanaukubali uongozi wa mkurugenzi mtendaji wao, waliomkubali Ballmer katika miaka yake ya mwisho walikuwa chini ya nusu. Agosti 23, 2013 alipotangaza kwamba atang'atuka, bei ya hisa za Microsoft ilipanda kwa takriban asilimia 7 siku hiyohiyo.

Satya Nadella alichukua nafasi yake Februari 2014. Haikupita miaka mingi naye akawa miongoni mwa wakurugenzi wanaokubalika zaidi Marekani katika orodha za tovuti hiyohiyo. Majengo ni yaleyale ya Redmond, yaliko makao makuu ya Microsoft, na wafanyakazi wengi ni walewale. Sasa je, wafanyakazi hao walikuwa wanapima nini hasa?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba walimpima bosi. Siri ya mtungi aijuaye kata: walio ndani ndio wanaomwona anavyofanya maamuzi, anavyowasikiliza watu na anavyotimiza ahadi, kwa hiyo asilimia yao ni kipimo cha uongozi wake kutoka kwa mashahidi wa karibu. Wazo hili limeenea sana. Waandishi wa habari za biashara hulitumia kila orodha mpya inapotoka, bodi za wakurugenzi hulitumia, na anayetafuta kazi hulitumia anapochagua kati ya kampuni mbili. Ni wazo lenye mantiki, ila linasimama juu ya dhana moja ambayo kwenye kampuni kubwa haipo: kwamba shahidi alikuwepo.

Tufanye hesabu. Mwaka 2013 Microsoft ilikuwa na karibu wafanyakazi laki moja. Tuseme mkurugenzi ameamua kukaa na kila mmoja wao kwa dakika kumi tu, asifanye jambo jingine lolote. Hizo ni dakika milioni moja, yaani saa 16,667 hivi. Akifanya kazi saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, atahitaji zaidi ya miaka minane kumaliza mzunguko mmoja. Ndiyo kusema wengi mno wa wale waliojaza dodoso hawakuwahi kubadilishana naye neno. Walimwona kwenye video, kwenye barua pepe zinazotumwa kwa kampuni nzima, au jukwaani akiwa mbali. Wengine walimjua kupitia magazeti yaleyale anayoyasoma mtu wa nje.

Wala hili si kosa la wafanyakazi. Wanaulizwa swali halali na wanajibu kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba swali linamtaja mtu mmoja, na ushahidi walio nao mkononi unatoka kwingine.

Chukua mfano wa abiria wa basi la mkoani, tuseme la Dar es Salaam kwenda Mwanza, aliyekaa siti ya nyuma kabisa. Dereva hamwoni. Haoni alivyopita lori kwenye kona, alivyopunguza mwendo kabla ya tuta, wala alivyopigana na usingizi mchana wa jua kali. Anayemwona ni kondakta: kama alimjibu vizuri alipouliza chenji, kama alikubali basi lisimame watu wachimbe dawa, kama alimpa siti aliyoilipia. Kitu kingine anachokijua ni saa ya kufika. Sasa barabara ikiwa nyeupe, mizani haina foleni na kondakta ana lugha nzuri, mwulize abiria huyo akishuka: "Dereva alikuwaje?" Atakwambia dereva ni mzuri sana, na hatakuwa anadanganya. Siku nyingine, dereva yuleyule, mvua imekata barabara, mizani ina foleni ndefu, kondakta kaamka vibaya. Mwulize tena. Katika kampuni, kondakta ni meneja wa karibu, barabara ni soko, na saa ya kufika ni matokeo ya mwaka: mauzo, bonasi, bei ya hisa, nani kapunguzwa kazi. Dereva hupewa alama za vyote hivyo kwa pamoja.

Watafiti wamelijaribu jambo hili, la matokeo kugeuka kuwa alama za mtu, kwa njia ambayo kwangu ni miongoni mwa mambo ya kuvutia zaidi katika elimu ya watu kazini. Mwaka 1975 Barry Staw aliwaweka wanafunzi katika vikundi vidogo, akawapa taarifa za fedha za kampuni moja na kuwataka wakadirie mauzo na faida kwa kila hisa ya mwaka unaofuata. Walipomaliza, baadhi ya vikundi viliambiwa vimefanya vizuri sana, vingine vikaambiwa vimefanya vibaya. Taarifa hiyo haikuwa na uhusiano wowote na kazi yao. Nani aambiwe nini kuliamuliwa kwa bahati nasibu tu. Kisha kila mmoja akaulizwa jinsi kikundi chake kilivyofanya kazi. Walioambiwa wamefanya vizuri walikumbuka kikundi chenye mshikamano, mawasiliano mazuri, ari na utayari wa kupokea mawazo mapya. Walioambiwa wamefanya vibaya walikumbuka kinyume chake.

Watu hawa walikuwepo. Walikaa pamoja, walisikia kila neno lililosemwa, na walikuwa wametoka tu kumaliza kazi hiyo. Bado tokeo moja la kubuni lilitosha kuipaka kumbukumbu yao rangi. Kama shahidi wa karibu kiasi hicho anaelekezwa na matokeo, yule wa siti ya nyuma ana kinga gani?

Miaka miwili baadaye, Michael Rush, Jay Thomas na Robert Lord walikwenda mbele zaidi. Waliwapa watu maelezo mafupi ya msimamizi asiyekuwepo duniani, kisha wakawataka wajaze dodoso lilelile lililokuwa likitumika kupima viongozi halisi: je, huwaeleza walio chini yake kinachotarajiwa, je, hujali hali zao, na kadhalika. Walilijaza bila shida. Majibu yao yalipochambuliwa, mpangilio wake ulifanana sana na wa majibu ya wafanyakazi waliokuwa wakipima mabosi wao wa kweli. Kila mtu ana picha kichwani ya kiongozi mzuri na ya kiongozi mbaya, na anapokosa ushahidi huichukua picha hiyo na kujazia mapengo. Edward Thorndike alikuwa ameona dalili za jambo hili tangu 1920, alipogundua kwamba maofisa wa jeshi waliompa askari alama nzuri kwa sifa moja walimpa nzuri hata kwa sifa zisizohusiana nayo.

Nyongeza muhimu ilitoka kwa James Meindl na wenzake mwaka 1985. Walionyesha kwamba mwelekeo wa kumpa kiongozi sifa au lawama huzidi pale matokeo yanapokuwa makubwa kupita kawaida, mazuri kwa mabaya. Kampuni ikienda wastani, watu hutaja uchumi, wateja, bahati. Ikipaa au ikianguka, hutaja jina la mtu.

Turudi Redmond. Ballmer alishika usukani wakati bei ya hisa ikiwa karibu na kilele, wiki chache kabla ya soko la hisa za teknolojia kuporomoka. Wakati huo Microsoft iliwalipa wafanyakazi sehemu ya ujira kwa haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa siku ya kupewa. Hisa ikishuka chini ya bei hiyo, haki yenyewe haina thamani. Maelfu walijikuta wameshika karatasi tupu, na mwaka 2003 kampuni ikaacha mfumo huo na kuanza kutoa hisa zenyewe. Mapato yalikuwa yakipanda mwaka hadi mwaka, lakini bei ya hisa haikurudi kwenye kile kilele hadi Ballmer alipokuwa ameshaondoka. Mfanyakazi hakuisoma hali hiyo kwenye ripoti ya mwaka. Aliiona kwenye akaunti yake.

Kisha kulikuwa na mfumo wa kupangana. Meneja wa timu alilazimika kuwagawa watu wake katika madaraja, hivi kwamba hata timu ikiwa na watu kumi wote hodari, baadhi lazima wakae juu na baadhi lazima wakae chini. Alama hizo ziligusa bonasi na kupanda cheo. Kumsaidia jirani yako kulikuwa kunampandisha jirani yako. Mfumo huo ulichukiwa, na kwa haki kabisa. Ulifutwa Novemba 2013, Ballmer akiwa bado ofisini. Kwa hiyo aliyejaza dodoso mwaka 2015 alikuwa akifanya kazi mahali ambapo kero hiyo imeondoka na hisa inapanda, na jina lililokuwa juu ya swali ni Nadella. Huduma ya wingu ya Azure, yaani ya kukodisha nguvu za kompyuta kupitia intaneti, iliyokuja kuwa nguzo ya ukuaji wa enzi mpya, ilikuwa imeingia sokoni tangu 2010.

Hayo hayamfanyi Ballmer kuwa kiongozi aliyeonewa tu. Alichelewa kwenye simu janja, na ununuzi wa biashara ya simu za Nokia alioutangaza Septemba 2013 uliishia kwenye hasara ya dola bilioni 7.6 iliyoandikwa vitabuni mwaka 2015. Nadella naye alibadilisha mambo ya kweli. Ninachosema ni kwamba asilimia ya kukubalika haiwezi kuyatenganisha haya. Inameza uamuzi wa bosi, urithi alioukuta, hali ya soko na tabia ya meneja wa ghorofa ya tatu, kisha inatoa namba moja.

Matokeo ya fedha nayo hayaelezi kila kitu. Mark Zuckerberg aliongoza orodha ya Glassdoor ya 2013 kwa asilimia 99, wakati hisa ya Facebook, iliyoingia sokoni Mei 2012 kwa dola 38, ilikuwa bado chini ya bei hiyo. Zuckerberg alikuwa na desturi ya kukutana na wafanyakazi wake kila wiki na kujibu maswali yao. Inawezekana desturi hiyo ilisogeza siti za nyuma karibu na usukani. Inawezekana pia kwamba kampuni changa inayokua kwa kasi hufurahisha watu kwa sababu nyingine. Kisa kimoja hakitoshi kuamua.

Kuna suala la nani anajibu. Ioana Marinescu na wenzake walikuta kwamba wanaoandika kwa hiari yao hujazana pembeni, wenye furaha kubwa na wenye hasira, ilhali wanaotakiwa kutoa maoni ili waruhusiwe kusoma ya wengine hutoa majibu ya katikati zaidi. Kampuni nazo husukuma. Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal lilitambua kampuni zaidi ya 400 ambazo maoni yake kwenye Glassdoor yaliruka ghafla ndani ya mwezi mmoja, na katika miezi hiyo alama za juu kabisa zilikuwa nyingi kuliko kawaida.

Je, basi namba hizi zitupwe? Hapana, na hapa ndipo jambo linaponoga. Mwaka 2019 T. Clifton Green na wenzake walichapisha uchambuzi wa maoni ya wafanyakazi wa kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani. Kampuni ambazo alama zake zilikuwa zikipanda zilifanya vizuri sokoni baadaye kuliko zile ambazo alama zake zilishuka. Walipoangalia ni alama zipi hasa zilizobeba habari hiyo, walikuta ni nafasi ya mtu kukua kazini na maoni juu ya uongozi wa juu. Alama za uwiano wa kazi na maisha binafsi hazikuhusika. Habari hiyo pia ilikuwa na nguvu zaidi ilipotoka kwa walio kazini kwa sasa, kuliko kwa walioondoka, na kwa wanaofanya kazi katika jimbo lenye makao makuu.

Wafanyakazi, basi, wanajua jambo ambalo soko bado halijalijua, na wanalijua vizuri zaidi kadiri wanavyokaa karibu na ofisi yanapofanyiwa maamuzi. Anayetaka kuzisoma alama hizi kwa haki atazame zinavyobadilika badala ya kiwango chake cha siku moja, na atofautishe sauti ya makao makuu na ya tawi la mbali. Anayeandaa dodoso naye awaulize watu mambo waliyoyashuhudia: je, watu walipopunguzwa kazi mwaka jana mlielezwa sababu kabla ya kusoma gazetini? Je, ahadi iliyotolewa Januari ilitimizwa Desemba? Hayo hata mtu wa tawi la mbali anaweza kuyajibu bila kubahatisha.