Kushinda Hakukufutii Kosa

Jumapili usiku, hapa Malindi, nimeambiwa tena: "Ami, si nimeshinda? Kosa liko wapi?" Kijana huyu namfundisha poka tangu mwaka jana, na ana akili. Lakini daftari lake la makosa limejaa raundi alizopigwa tu. Alizoshinda haimo hata moja. Nimechoka kulisikia neno hili.

Alikuwa na karata mbili za kopa mkononi na hana kingine cha maana. Mezani zimelala karata nne, mbili kopa; ikitoka kopa moja zaidi zinatimia tano za aina moja, mkono wenye nguvu. Pesa za mezani 4,000, mwenzake akaweka 4,000 nyingine. Akafuata, yaani naye akatoa kiasi kilekile. Karata ya mwisho ikafunuliwa: kopa saba. Akaipiga meza kwa kiganja, vikombe vya kahawa vikaruka, akazikumba chipu zote, vile vidude vya kuhesabia pesa.

Sasa hesabu. Kopa ni 13, nne anaziona, zimebaki 9. Karata asizoziona ni 46. Tisa katika 46 haifiki hata mara moja katika tano. Naye alitoa 4,000 kuwania 8,000, kwa hiyo alihitaji kushinda mara moja katika tatu ndipo asile hasara. "Lakini kopa ikitoka ningemla zaidi." Hoja hiyo ina uzito, sikumkatiza. Ila ili zile 4,000 zirudi, kopa ikitoka ilimbidi apate kama 8,500 zaidi, na mwenzake alikuwa amebakiwa na 3,000. Hazikuwepo! Alikosea, na kopa saba ikamlipa kwa kukosea. Kesho atafuata tena.

Usiku huohuo alilalamikia ree mbili zake zilizopigwa na kumi mbili. Pesa zote ziliingia kabla ya karata yoyote kuwekwa mezani. Ree hapo hushinda kama mara nne katika tano, na hiyo ya tano lazima imwangukie mtu. Yeye kaliandika kosa. Matokeo yake, alipopata tena ree mbili, aliogopa kupandisha dau, akawaacha watu wanne waingie kwa bei ndogo. Hilo ndilo la kuandikwa.

Mimi huandika kabla karata za mwenzangu hazijafunuliwa, neno mbili tatu: kiasi kilichoko mezani, nadhani anacho nini, kwa nini nafuata. Zikishafunuliwa, akili hudai ilijua tangu mwanzo.

Na bado dawa hii haitibu yote. Nikitupa karata, mwenzangu akarudisha zake kifudifudi, siwezi kujua kama nilitishwa bure. Raundi za namna hiyo nimezitia alama ya kuuliza, na zipo nilizozirudia miaka mitatu bila jibu. Tena tunacheza mara moja kwa wiki. Kwa raundi chache hivyo, bahati na ujuzi havitengani, hata kwangu mimi ninayeitwa mwalimu.

Nimemwambia Jumapili ijayo aje na daftari. Tutaanza na kopa saba.