Umetolewa tezi ya thairoidi: maswali ya siku za kupona

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Huondolewa kwa sababu ya goita inayobana njia ya hewa, vinundu vyenye saratani au vinavyotiliwa shaka, au tezi inayotoa homoni kupita kiasi. Wengine hutolewa upande mmoja, wengine yote. Majibu mengi hapa chini yanategemea tofauti hiyo, kwa hiyo usitoke wodini bila kujua umetolewa kiasi gani, na omba uandikiwe.

Siku za mwanzo niogope nini zaidi?

Damu kuvujia ndani ya shingo. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea huenda kasi, kwa sababu damu ikijikusanya pale hukandamiza njia ya hewa. Mara nyingi huonekana ndani ya saa 6 za kwanza, na nyingi ya zilizobaki kabla saa 24 hazijatimia. Ndiyo maana wauguzi huja kukagua shingo yako tena na tena hata kama unatamani kulala.

Ukisharudi nyumbani, shingo ikivimba kwa haraka na kuwa ngumu, pumzi ikabana, ukasikia mluzi unapovuta hewa, au ukashindwa kumeza hata mate, nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku wa manane. Waeleze dalili hizi wanaoishi nawe kabla hazijatokea, maana mtu anayekosa pumzi hawezi kujieleza.

Midomo na ncha za vidole zinanichomachoma. Ni kawaida?

Hutokea kwa wengi waliotolewa tezi yote, lakini si jambo la kunyamazia. Nyuma ya thairoidi kuna tezi nyingine ndogo, za parathairoidi, kwa kawaida 4, kila moja karibu sawa na punje ya mchele. Kazi yake ni kusimamia kalsiamu katika damu. Daktari hujitahidi kuziacha salama, ila damu inayozilisha hupita hapohapo anapofanyia kazi, kwa hiyo tezi hizo huweza kuacha kazi kwa muda. Kalsiamu ikishuka, mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 4, unaanza kuhisi ganzi na kuchomwachomwa kuzunguka mdomo, vidoleni na kwenye nyayo. Ikishuka zaidi misuli hubana, viganja hukakamaa, na mtu anaweza kupata degedege au moyo kupoteza mapigo yake ya kawaida.

Tatizo ni kwamba siku ya 2 wengi wameshaambiwa waende nyumbani. Kabla hujatoka, uliza mambo mawili: je, nimepimwa kalsiamu, na nikihisi ganzi nimeze vidonge vingapi? Wengine hupewa vidonge vya kalsiamu, pamoja na vitamini D, tangu mwanzo kama kinga. Ukimeza na dalili zisitulie, au mikono ikaanza kukakamaa, rudi hospitali ukapimwe damu. Huenda ukahitaji kalsiamu ya kuchomwa kwenye mshipa. Kwa walio wengi parathairoidi huamka baada ya wiki au miezi michache. Wachache hubaki na upungufu wa kudumu, na hao huhitaji dawa na vipimo kwa muda mrefu.

Sauti yangu imekwaruza. Itarudi?

Mara nyingi, ndiyo. Siku chache za kwanza sababu huwa mpira uliopitishwa kooni wakati wa nusukaputi. Lakini pia kuna mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti, na inapita karibu kabisa na tezi. Ikiguswa au kuvutwa hulegea, nayo huchukua wiki hadi miezi kurejea. Kwa baadhi ya watu hufika mwaka.

Kuna namna nyingine ya tatizo hili ambayo hupuuzwa: sauti ya kawaida ipo, ila mtu hawezi kupaza wala kupanda juu, na jioni imekwisha. Kama unaishi kwa sauti yako, yaani unafundisha, unahubiri au unaimba, sema hivyo kwa daktari kabla ya upasuaji, na ukiona mabadiliko usikubali kuambiwa tu usubiri. Omba nyuzi zako za sauti ziangaliwe kwa kamera. Mazoezi na mtaalamu wa sauti husaidia, na yakianza mapema ni bora zaidi. Ukipaliwa kila unapokunywa maji, hiyo ni sababu ya kuonwa upesi.

Kidonda je?

Kwa kawaida hapa hakuna shida kubwa. Kiweke kisafi na kikavu kama ulivyoelekezwa, lala kichwa kikiwa juu kidogo usiku wa mwanzo, na epuka kubeba mizigo mizito kwa wiki mbili hivi. Geuza shingo taratibu, usiikaze kwa woga, maana ndipo inapokakamaa. Uwekundu unaozidi, usaha au homa havisubiri tarehe ya kliniki.

Kovu huendelea kubadilika hadi mwaka mzima. Likinge na jua. Kama makovu yako ya zamani yaliwahi kuvimba na kuota, mwambie daktari mapema, kwani watu wenye ngozi nyeusi hupata makovu ya aina hiyo zaidi, na matibabu yapo.

Kweli nitameza kidonge maisha yangu yote?

Kama tezi yote imetolewa, ndiyo. Ukitolewa upande mmoja, mara nyingi upande uliobaki hutosha, ila lazima upimwe.

Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909, aliripoti mwaka 1883 kuwa wagonjwa aliowaondoa tezi nzima walizorota: walivimba uso, wakawa wazito wa mwili na akili. Kidonge hakikuwepo. Mwaka 1891 George Murray wa Uingereza alianza kumtibu mwanamke mwenye upungufu wa homoni ya thairoidi kwa dawa iliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo, naye akaishi miaka 28 zaidi. Levothairoksini unayopewa leo, yaani homoni hiyo katika kidonge, inafanya kazi hiyohiyo, kwa kipimo sahihi zaidi.

Imeze kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula au kunywa kahawa. Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kuimeza pamoja na kalsiamu au vidonge vya madini ya chuma, kwa kuwa hivyo huizuia isiingie mwilini. Tenganisha kwa saa 4. Ukisahau asubuhi, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Dawa hii hukaa mwilini siku nyingi. Lakini usiiache kwa kuwa unajisikia mzima: unajisikia mzima kwa sababu unaimeza.

Mbona bado nimechoka, na nguo zinanibana?

Huenda dozi haijakaa sawa. Wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza au kubadilisha dozi hupimwa TSH, homoni ya ubongoni inayopanda pale homoni ya thairoidi inapopungua. Kupima mapema zaidi hupotosha. Uchovu, baridi, choo kigumu na uzito ni dalili za dozi ndogo. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukosa usingizi ni za dozi kubwa. Usijipunguzie wala kujiongezea. Aliyetolewa tezi kwa saratani huenda akapewa dozi ya juu makusudi, kwa hiyo usilinganishe vidonge vyako na vya jirani.

Naweza kubeba mimba?

Ndiyo, dozi ikiwa imetulia kabla. Mimba huongeza mahitaji ya homoni tangu wiki za mwanzo kabisa, na mtoto hutegemea homoni ya mama katika ukuaji wa ubongo wake. Ukigundua tu kuwa una mimba, wasiliana na daktari wiki hiyohiyo. Usingoje kliniki ya kwanza ya wajawazito. Na kama ulipewa madini ya joto yenye mionzi baada ya upasuaji, daktari atakutaka usubiri angalau miezi 6 kabla ya kushika mimba.